Amazilia ni nani? Fumbo la jenasi moja ya ndege wavumaji

Kusini mwa Arizona, nchini Marekani, karibu na mpaka wa Mexico, yupo ndege mdogo mwenye utosi wa zambarau, tumbo jeupe pe na mdomo mwekundu. Wapenda ndege wa huko wanamjua vizuri. Wanamtundikia vichupa vya maji ya sukari bustanini, naye huja kunywa. Kwa miaka mingi jina lake la kisayansi lilikuwa Amazilia violiceps: neno la kwanza ni jina la jenasi, yaani kundi la spishi zenye udugu wa karibu, na la pili ni la spishi, yaani aina yenyewe ya ndege. Mwaka 2020 orodha rasmi ya ndege wa Amerika Kaskazini ikamwita Leucolia violiceps. Wino haujakauka, mwaka 2022 orodha ileile ikamwita Ramosomyia violiceps. Majina matatu ndani ya miaka michache, na ndege mwenyewe hajabadilika hata unyoya mmoja.

Mtu akisikia habari hiyo ni rahisi kuguna kwamba wanasayansi wamekosa kazi. Mimi pia niliguna. Lakini nilipoifuatilia hadithi ya Amazilia nikaona kwamba tunachanganya maswali matatu na kuyafanya moja. Swali la kwanza: nani ni ndugu wa nani? Hilo lina jibu, tulijue tusilijue. La pili: hao ndugu tuwagawe katika jenasi ngapi? Hapo hakuna jibu la asili, kuna uamuzi wa watu. La tatu: kila jenasi iitwe nani? Hapo hakuna ukweli wala hiari, kuna sheria. Ndege wa Arizona alihamishwa mara ya kwanza kwa sababu ya maswali mawili ya mwanzo. Mara ya pili alihamishwa na sheria peke yake.

Tuanze na ndege wenyewe. Ndege wavumaji wanaishi Amerika tu, toka Alaska mpaka ncha ya kusini ya Chile. Jina wamelipata kwa mvumo wa mabawa yao, ambayo hupiga makumi ya mara kwa sekunde na kuwawezesha kuning'inia hewani mbele ya ua kama waliofungwa uzi. Afrika hawapo. Zile picha zinazozunguka WhatsApp zikidai ndege mvumaji kaonekana Moshi au Limuru ni picha za ndege wetu aitwaye chozi. Chozi naye hunyonya nekta, naye hung'aa, naye ana mdomo mrefu mwembamba, lakini kwa damu yuko karibu zaidi na shomoro na kunguru kuliko na ndege mvumaji. Ndugu wa kweli wa ndege mvumaji ni teleka, wale weusi wenye mabawa kama mundu wanaozunguka juu ya majengo jioni wakipiga kelele. Kazi ni moja, mavazi yanafanana, koo ni mbalimbali. Kama asili inaweza kututega hivyo kati ya bara na bara, fikiria inavyoweza kututega ndani ya familia moja.

Familia hiyo ni Trochilidae, yenye spishi zaidi ya 350. Mwaka 1758 Carl Linnaeus aliwatia wote aliowajua katika jenasi moja, Trochilus. Jina lenyewe aliliazima. Kwa Wayunani wa kale lilikuwa la ndege wa mto Nile ambaye, kwa masimulizi ya Herodotus, huingia kinywani mwa mamba na kumtoa ruba. Kwa hiyo familia nzima ya ndege wasiowahi kukanyaga Afrika imebeba jina la ndege wa Afrika. Jina la Trochilus liweke akibani, tutalirudia.

Amazilia ilikuja baadaye. Mwaka 1822 meli ya Kifaransa iitwayo Coquille iliondoka kuizunguka dunia, na miongoni mwa waliokuwemo alikuwa René Primevère Lesson, tabibu na mtaalamu wa viumbe. Walipita Peru. Huko walipata ndege mvumaji mwenye kifua cha kijani kinachometa na tumbo la rangi ya kutu, akaelezwa mwaka 1827 kwa jina Orthorhynchus amazilia. Mwaka 1843 Lesson akalichukua jina la pili na kulifanya jina la jenasi. Ukilisikia tu unadhani limetoka Amazon. Sivyo. Amazili ni msichana wa Kiinka katika riwaya ya Mfaransa Jean-François Marmontel iliyotoka mwaka 1777, na Lesson alikuwa mtu wa kupenda majina ya kimapenzi. Ndege mwenyewe wala haishi katika msitu wa Amazon. Makazi yake ni ukanda mkame wa pwani ya Peru na kusini-magharibi mwa Ecuador, na kwenye bustani za jiji la Lima ni ndege wa kila siku.

Kufikia hapo kulikuwa na jina moja na ndege mmoja. Kilichovuruga mambo ni biashara.

Katika karne ya 19 ngozi za ndege wavumaji zilimiminika Ulaya kwa maelfu. Nyingine zilikwenda kwenye makabati ya wakusanyaji, nyingine zikapamba kofia za wanawake wa mijini. Wawindaji wa Colombia walizipeleka Bogotá, wafanyabiashara wakazisafirisha London na Paris, na mara nyingi ngozi ilifika bila maelezo yoyote ya mahali ilikotoka. Mtaalamu akiwa mezani kwake, mbele ya ndege aliyekauka na kujazwa pamba, alipaswa kuamua kama huyu ni mpya au ni yuleyule wa juzi. John Gould wa London, aliyewaeleza wengi wao na kuonyesha mkusanyiko wake kwa umma mwaka 1851, alikuja kumwona ndege mvumaji aliye hai kwa mara ya kwanza mwaka 1857, aliposafiri kwenda Marekani. Kabla ya hapo alikuwa ameandika juu yao kwa miaka bila kuusikia ule mvumo.

Majina yakazaana. Charles Lucien Bonaparte, mpwa wa Napoleon, alitunga Saucerottia na Chrysuronia mwaka 1850. Ludwig Reichenbach wa Dresden alimwaga mengine mengi mwaka 1854, yakiwemo Chlorestes na Uranomitra. Ferdinand Heine alileta Polyerata mwaka 1863. Hata Eugène Simon, bingwa wa buibui, aligeukia ndege hawa uzeeni na kuacha Chionomesa mwaka 1921. Kila aliyeona mkia wa rangi nyingine aliona jenasi nyingine.

Kisha upepo ukageuka. Mwaka 1945 Mmarekani James Peters, katika orodha yake ya ndege wa dunia, aliunganisha sehemu kubwa ya utitiri huo chini ya Amazilia. Alikuwa na sababu. Ndege hawa wote ni wa umbo la kati, wana mdomo ulionyooka au uliopinda kidogo tu, mara nyingi wekundu chini, na mgongo wa kijani. Dume na jike wengi wao hawatofautiani sana. Hawana mikia ya ajabu wala vishungi. Kwa maneno mengine, Amazilia ikawa kapu la wale wasio na alama ya kuwapeleka kwingine. Kapu likajaa spishi zipatazo 30, kutoka kusini mwa Marekani mpaka Argentina, na likabaki hivyo kwenye vitabu vya kutambulisha ndege kwa zaidi ya nusu karne. Mara kwa mara mtu alijaribu kuwatoa wachache, wengine wakawarudisha.

Kosa lilikuwa wapi? Nadhani kila aliyewahi kuhudhuria harusi ya Pwani atanielewa. Unaingia ukumbini, unakuta wanawake ishirini wamevaa sare, kitambaa kimoja, mshono unaolingana. Ukiambiwa utaje nani ni dada wa bibi harusi kwa kutazama nguo, utakosea. Kuna rafiki zake, kuna majirani, kuna mke wa mfanyakazi mwenza. Na dada mwenyewe huenda amechelewa na kavaa nguo tofauti kabisa. Rangi za ndege wavumaji ni sare ya namna hiyo, na kuna sababu ya kimaumbile.

Ule ukijani haukupakwa. Manyoya mengine ya ndege hupata rangi kutokana na kemikali iliyo ndani yake, kama kitambaa kilichotiwa rangi. Kijani na buluu za ndege mvumaji hutokana na umbile. Ndani ya vinyuzi vidogo kabisa vya unyoya kuna visahani vyembamba vya melanini, ile rangi nyeusi ya mwilini, vilivyopangwa kwa tabaka kama chapati kwenye sahani, na kila kisahani kina viputo vya hewa. Mwanga unapopiga, tabaka hizo hurudisha rangi fulani na kuzizima nyingine. Unene wa visahani na hewa iliyomo ndivyo vinavyoamua kama utaona kijani, buluu au zambarau. Ndiyo maana ukiigeuza ngozi ya ndege huyu mkononi, koo lililokuwa likiwaka linakuwa jeusi kama mkaa, na ukiirudisha linawaka tena. Mabadiliko madogo ya unene yanatosha kumhamisha ndege kutoka kijani kwenda buluu. Basi rangi hizo zinaweza kubadilika upesi katika historia ya spishi, na koo mbili zisizohusiana kwa karibu zinaweza kuishia na rangi moja. Aliyepanga jenasi kwa rangi ya koo la ndege alikuwa akipanga wageni kwa sare.

Tena ndege hawa huchanganya damu. Chotara kati ya jenasi tofauti si jambo la nadra kwao, na ngozi kadhaa zilizopewa majina kama spishi mpya enzi za biashara ya Bogotá ziligundulika baadaye kuwa ni watoto wa ndoa za namna hiyo.

Jibu la swali la kwanza lilipatikana katika vinasaba. Mwaka 2014 Jimmy McGuire wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na wenzake walichapisha mti wa ukoo wa ndege wavumaji uliojengwa kwa DNA za spishi 284. Mti huo ulionyesha matawi makubwa tisa, na kwamba babu wa wote walio hai leo aliishi miaka milioni 22 hivi iliyopita, huko Amerika Kusini. Tawi lenye spishi nyingi kuliko yote ni lile linaloitwa la zumaridi, kwa ajili ya ukijani wake, na ndimo Amazilia ilimokuwa.

Au tuseme, ndimo vipande vyake vilimokuwa. Spishi zilizokuwa kapu moja zilijitokeza huku na huko ndani ya tawi hilo, nyingine zikiwa karibu zaidi na ndege wa jenasi tofauti kuliko na wenzao wa kapuni. Yule wa Peru aliyetoa jina alikuwa na ndugu wachache tu wa kweli.

Hapa inafaa kueleza kanuni ambayo wapangaji wa leo huifuata. Jenasi inapaswa kuwa kama ukoo uliohesabiwa kwa haki: babu mmoja na wazao wake wote. Wote, bila kumwacha mtu. Huwezi kumhesabu mjukuu wa Dodoma na mjukuu wa Mwanza halafu ukawaruka wale wa Tabora kwa kuwa wamenenepa. Wala huwezi kumwingiza jirani kwa kuwa anafanana na babu. Amazilia ya Peters ilivunja kanuni hiyo pande zote mbili, ikawaacha ndugu nje na kuwaingiza majirani.

Kwa hiyo ilibidi ipangwe upya. Ila namna ya kuipanga haiko ndani ya DNA, na hili ndilo wengi hulikosa. Mti unakuambia matawi yalivyogawanyika. Haukuambii ukate wapi. Kulikuwa na njia mbili halali. Njia ya kwanza, kulifanya kapu liwe kubwa zaidi hadi liwameze ndugu wote walioachwa nje. Ya pili, kulivunja.

Ukilikuza kapu unakutana na sheria ya majina, ambayo inasema jina la zamani zaidi ndilo linaloshinda. Ndani ya tawi la zumaridi wamo ndege wenye jenasi zilizotajwa kabla ya 1843. Hylocharis ni ya mwaka 1831, Cynanthus ni ya 1827. Ukiendelea kukuza mpaka uchukue tawi zima, utamkuta yule Trochilus wa Linnaeus wa mwaka 1758, ambaye siku hizi jina lake limebaki kwa ndege wenye mikia mirefu wa kisiwa cha Jamaica tu. Yaani kwa kutaka kuiokoa Amazilia kwa kuipanua, ungeiua. Ungeishia na jenasi moja kubwa isiyokuambia lolote, na jina la Amazilia likiwa kaburini.

Gary Stiles, aliyefundisha kwa miaka mingi Costa Rica na baadaye Bogotá, pamoja na James Van Remsen wa Louisiana na McGuire mwenyewe, wakachagua kuvunja. Makala yao ilitoka mwaka 2017 katika jarida la Zootaxa. Badala ya kutunga majina mapya ovyo, walirudi makaburini na kuyafufua yale ya Bonaparte, Reichenbach, Heine na Simon. Hapo ndipo unapoona kejeli ya mambo. Watu wa karne ya 19, waliokuwa wakichekwa kwa kutunga jenasi kwa kila mkia, ndio walioacha akiba ya majina ambayo DNA ilikuja kuyahitaji.

Mgawanyo wenyewe nitaupitia kwa kuruka, maana orodha kamili huchosha. Amazilia imebaki na spishi chache, wakiwemo tzacatl wa kuanzia Mexico mpaka Ecuador, rutila wa upande mkame wa Pasifiki, yucatanensis anayefika mpaka Texas, na luciae wa Honduras.  Kundi kubwa la spishi kama 11 lilikwenda Saucerottia. Watatu wenye vifua vya buluu na zambarau, toka Amerika ya Kati mpaka Ecuador, wakapewa Polyerata. Wawili wa nyanda za mashariki mwa Amerika Kusini wakawa Chionomesa. Mmoja wa Andes akabaki peke yake katika Uranomitra. Ukihesabu na hao waliobaki, kapu moja limekuwa jenasi nyingi.

Wawili nitasimama kwao kidogo. Wa kwanza ni yule aliyekuwa Amazilia boucardi. Huyu anaishi Costa Rica tu, kwenye mikoko ya pwani ya Pasifiki, na hupenda sana maua meupe ya aina moja ya mkoko iitwayo Pelliciera. Kwa sisi tuliozoea kuiona mikoko ikikatwa boriti, makazi yake hayahitaji maelezo, wala hatari inayomkabili. Jina lake linamkumbuka Adolphe Boucard, Mfaransa aliyekuwa mfanyabiashara wa ngozi za ndege. Leo ameingia jenasi Chrysuronia, pamoja na ndege ambao zamani walitawanyika katika jenasi nne au zaidi. Mmoja wao, goudoti wa Colombia na Venezuela, alikuwa Lepidopyga. Mwingine, oenone mwenye mkia wa dhahabu, ndiye mwenye jina la Chrysuronia tangu mwanzo. Ukiwaweka mezani pamoja hakuna angesema ni ndugu.

Wa pili ni luciae, ambaye hakuhamishwa. Ni ndege wa Honduras peke yake, wa mabonde makavu yenye miiba na dungusi. George Lawrence wa New York alimwelezea mwaka 1868. Kwa karibu miaka 40 ya karne iliyopita hakuna mtafiti aliyemwona, mpaka alipopatikana tena mwaka 1988. Koo lake ni la buluu-kijani na tumbo lake ni la kijivu, tofauti na ndugu zake wa Amazilia wenye rangi ya kutu. Dada aliyekuja harusini bila sare.

Sasa swali la tatu, la sheria, ambalo kwangu ndilo tamu kuliko yote. Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama zinataka kila jina la jenasi lifungwe kwa spishi moja ya kielelezo. Jina halitembei bila mwenyewe. Popote atakapokwenda ndege huyo wa kielelezo, jina linamfuata, na wengine wakitengwa naye wanatafutiwa jingine. Ni kama jina la duka lililoandikishwa kwa leseni ya mtu mmoja. Ndugu wakigawana mali, jina linakwenda na mwenye leseni.

Hapo ndipo yule ndege wa Arizona alipoponzwa. Stiles na wenzake walimfufulia jina Leucolia, orodha rasmi ikalikubali mwaka 2020. Kisha Murray Bruce na Stiles huyohuyo wakarudi kwenye maandishi ya zamani, wakafuatilia nani alisema nini na lini, wakaona kwamba kwa mujibu wa kanuni Leucolia haliwezi kutumika kwa ndege hawa. Hapakuwa na jina la zamani linalofaa. Mwaka 2021 wakatunga jipya, Ramosomyia, kumkumbuka Mario Ramos, mtaalamu wa ndege wa Mexico. Udugu haukubadilika kwa lolote na mpaka wa jenasi ulibaki palepale. Aliyekosea alikuwa karani, siyo DNA. Mambo kama hayo ndiyo yaliyoleta pia Elliotomyia, jina la mwaka 2019 linalomkumbuka Daniel Giraud Elliot, kwa ajili ya ndege wawili wenye matumbo meupe wa Andes. Hiyo -myia ya mwishoni ni neno la Kiyunani lenye maana ya inzi, na ni mtindo wa zamani, maana wengi waliwaona ndege hawa kama wadudu waliovaa vito.

Kuna jambo jingine la kisheria ambalo Mswahili atalielewa haraka kuliko Mwingereza: upatanisho wa ngeli. Sisi tunasema kitabu kizuri, mti mzuri, jembe zuri. Jina likibadilika, kivumishi kinabadilika nalo. Kilatini cha majina ya wanyama kinafanya vivyo hivyo. Jina la jenasi lina jinsia, na kama jina la pili ni kivumishi, ni lazima lipatane. Katika tawi hilihili la zumaridi kuna ndege mwekundu-kahawia wa kusini mwa Mexico, Guatemala na El Salvador aliyeitwa Campylopterus rufus. Makala ya 2017 ilimhamishia Pampa. Campylopterus ni ya kiume, Pampa ni ya kike, basi rufus ikawa rufa. Anayetafuta neno kwa neno kwenye kompyuta atadhani hao ni ndege wawili. Lakini jina la pili likiwa nomino, halibadiliki. Tzacatl ni tzacatl popote utakapompeleka.

Na ukiona jina la mwandishi limewekwa ndani ya mabano, kwa mfano Amazilia tzacatl (De la Llave, 1833), mabano hayo yana ujumbe. Yanakuambia kwamba Pablo de la Llave alipomweleza ndege huyu alimweka katika jenasi nyingine, na mtu mwingine akamhamisha baadaye. Yeye alimwita Trochilus tzacatl. Bila mabano, ujue ndege yupo bado pale alipowekwa siku ya kwanza. Pitia orodha ya ndege wavumaji uone mabano yalivyojaa.

Je, kila mtu amekubali? Si kila mtu, wala si kwa wakati mmoja. Amerika Kusini na Amerika Kaskazini zina kamati zao, na hoja za jenasi hujadiliwa na kupigiwa kura moja moja. Orodha za dunia nazo zina wahariri wao. Ndiyo maana ndege mmoja anaweza kuwa na jina hili kwenye programu ya simu na jina lile kwenye kitabu kilichotoka mwaka uleule. Kura hizo huwakera watu, maana kura na sayansi havisikiki vizuri pamoja. Lakini kinachopigiwa kura mara nyingi ni lile swali la pili, wapi pakatwe, na hapo sioni njia nyingine.

Kama una kitabu cha ndege wa Costa Rica, Colombia au Peru kilichochapishwa kabla ya 2020, usikitupe. Picha ni zilezile. Ukikuta Amazilia usiyoipata kwenye orodha mpya, liache jina la kwanza, tafuta la pili: boucardi, franciae, beryllina, fimbriata, chionogaster. Mara nyingi utampata ndege wako amekaa nyumba nyingine kwa jina lake lilelile. Usipompata, jaribu kubadilisha mwisho, -us iwe -a au -a iwe -us, kisha tafuta tena.